Je, Wajua? Mikono ya Mara Bado Ina Kazi

Je, wajua kuwa mtungi wa udongo hupoza maji bila umeme wala barafu? Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi ubavu wa nje, yakakutana na hewa na kugeuka mvuke, na mvuke huo ukiondoka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi mzuri huwa na unyevunyevu kwa nje. Anayeupaka rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni ameviziba vitundu vyote, na maji yake hayatapoa tena.

Je, wajua kuwa kanuni hiyohiyo ilimpatia mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, Tuzo ya Rolex ya mwaka 2000? Aliweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaulowesha na kufunika mdomo kwa kitambaa kibichi. Biringanya zilizokuwa zikiharibika ndani ya siku 3 zikakaa siku 27. Chungu cha namna hiyo hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa kavu, kwa hiyo hapa mkoani Mara, Bunda na vijiji vinavyoelekea Serengeti vingefaidika nacho kuliko Musoma iliyo ufukweni. Udongo upo, mchanga upo, na wanawake wanaojua kufinyanga bado wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka oda.

Je, wajua kuwa mfinyanzi wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji gurudumu? Huviringisha udongo ukawa kamba nene, akaizungusha tabaka juu ya tabaka, kisha akaulainisha ukuta wa chungu kwa kipande cha kibuyu au kokoto laini. Pambo la shingoni hupigwa kwa kijikamba cha majani kilichosokotwa na kubingirishwa juu ya udongo mbichi. Pambo la aina hiyo limekuwepo katika ukanda wa maziwa makuu kwa takriban miaka 1,000.

Na hiyo bado ni historia ya karibu. Vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo Siaya nchini Kenya, vina zaidi ya miaka 2,000. Vya Kansyore, jina la kisiwa cha mto Kagera, vilianza kutengenezwa miaka 8,000 hivi iliyopita na watu walioishi kwa kuvua na kuwinda. Yaani wakazi wa ziwa hili walijua kufinyanga kabla hawajajua kulima.

Je, wajua kuwa udongo mtupu hupasuka motoni? Mfinyanzi huuchanganya na mchanga au vigae vya vyungu vya zamani vilivyopondwa, ili unyevu upate njia ya kutokea na chungu kivumilie joto. Kipimo hicho hakikuandikwa popote. Kiko kwenye viganja vya bibi anayeufinya udongo, akanyamaza kidogo, akaongeza mchanga konzi moja.

Je, wajua kuwa katika jamii nyingi za Mara ya Kusini uhunzi ulikuwa kazi ya koo maalumu zilizoitwa Abaturi? Wanaume walifua chuma, wake zao wakafinyanga vyungu. Desturi ya zamani iliwatenga, na koo nyingine hazikuoana nao, ingawa hakuna aliyeweza kulima bila jembe lao wala kupika bila chungu chao. Naona hapo ndipo penye sehemu ya msiba wetu. Ufundi uliofungiwa katika nyumba chache hukatika mara nyumba hizo zinapopeleka watoto wao mjini kutafuta kazi nyingine. Leo hakuna sababu ya kumzuia kijana yeyote wa Kizanaki, Kijita, Kiikizu au Kikurya kushika nyundo, na wala hakuna sababu ya kumbagua binti.

Je, wajua kuwa ufundi uliolala miaka mingi unaweza kuamshwa? Ushahidi uko ng'ambo ya ziwa, Kagera. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma, kama walivyofanya ujanani. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo kadhaa, kwa kuwa chuma cha kununua kilikuwa kimejaa sokoni. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Wazee wakarudi kwenye kumbukumbu zao, wakashauriana na kurekebisha tanuri, na mwishowe chuma kikapatikana. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya kinamasini, wakajenga tanuri juu yake, kisha wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani kabisa, hivyo hewa ya mvukuto ikapata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science la Marekani, na yakazua mjadala miongoni mwa wasomi wa dunia kuhusu walichodhani wanakijua juu ya teknolojia ya Afrika. Kandokando ya Kemondo yalifukuliwa matanuri ya namna hiyo yenye zaidi ya miaka 1,500.

Wazee wale wangeachwa miaka 10 zaidi, huenda asingebaki wa kuulizwa. Jambo hilo linaniuma kila nikiwaza ni wazee wangapi wa Butiama na Bunda ambao hakuna aliyewahi kuwaomba wawashe tanuri lao hata mara moja.

Je, wajua kuwa mhunzi wa leo hana haja ya kuchimba mawe ya chuma? Springi ya gari bovu hutoa panga, kisu na ncha ya mkuki, na wengi wamebadilisha mvukuto wa ngozi kwa feni inayozungushwa na ringi ya baiskeli.

Je, wajua kuwa katambuga, vile viatu vya matairi, navyo ni kazi ya mikono yenye fundi wake, vipimo vyake na wateja wake waaminifu?

Tuteremke sasa ziwani. Je, wajua kuwa mitumbwi ya zamani ya Ziwa Victoria ilishonwa? Mbao zilitobolewa kingoni zikafungwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja. Matanga ya pembetatu unayoyaona yakirejea Mwigobero asubuhi yalikuja baadaye, pamoja na wafanyabiashara wa pwani wa karne ya 19. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipofika Kageye, karibu na Mwanza, alimkuta mmoja wao, Sungoro Tarib, akiunda jahazi palepale ufukweni. Hivyo mashua ya Musoma imechanganya akili ya mvuvi wa Kijita na Kikerewe na ile ya fundi wa pwani, na ndiyo maana maneno kama mkuku, mataruma, foromali na kalafati yalisafiri kutoka bahari ya chumvi hadi kwenye maji baridi.

Je, wajua kuwa kalafati hutumia pamba? Fundi husokota pamba na kuigongomea kwa patasi kati ya mbao. Ikilowa huvimba na kuziba upenyo wote. Bunda ni wilaya ya pamba, kwa hiyo mkulima wa bara naye ana mkono wake katika mashua inayoelea.

Je, wajua kuwa mwaka 1905 nyavu za kitani ziliingia ziwani kwa upande wa Kenya, na baadaye za nailoni zikaenea kila mwalo? Kabla ya hapo, samaki wengi walinaswa kwa migono iliyofumwa kwa vijiti. Kisha miaka ya 1950 na 1960 akapandikizwa sangara, samaki anayeweza kupita kilo 100, na mgono ukasukumwa pembeni hadi vijitoni. Anayejua kuufuma mgono anajua pia kuacha tundu ambalo samaki mchanga hutokea, na ujuzi huo wa kuvua bila kumaliza tunauhitaji sasa kuliko wakati wowote.

Je, wajua kuwa mafunjo si nyasi za kawaida? Shina lake lina pembe tatu, hurefuka hata kufikia mita 4 au 5, na ni mmea uleule ambao Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Ukivuka daraja la Kirumi kutoka Musoma kwenda Tarime, unayaona yametanda katika kinamasi cha mto Mara. Yakikatwa kwa mpango huota tena ndani ya mwaka. Mikeka, mapaa, matenga na kamba hutoka humo. Mwenye kinamasi chenye mafunjo ana malighafi mlangoni, tena inayochuja matope kabla hayajaingia ziwani, ila akiichoma moto apande mahindi anapoteza vyote viwili. Kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012, Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kwa ajili ya mto huo. Ningependa wasusi wa mikeka wawe mstari wa mbele siku hiyo, wakiuza na kufundisha, badala ya kualikwa kupamba meza kuu.

Je, wajua kuwa hata gugumaji limepata wasusi? Mmea huo ulivamia ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo. Kisumu wakaukausha, wakausuka, wakatoa viti, vikapu na mikoba.

Je, wajua kuwa litungu la Wakurya lina nyuzi nane? Kisanduku chake hufunikwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi zilizokuwa za kano za mnyama sasa ni za nailoni. Wachezaji wake huvaa viatu vizito vya mbao vinavyowainua juu ya ardhi, hivyo anayelipoteza litungu amempotezea kazi fundi wa kamba, wa ngozi, wa shanga na wa viatu. Nyatiti ya Wajaluo nayo ina nyuzi nane, na kwa desturi ilipigwa na wanaume tu, mpaka Eriko Mukoyama, mwanamke kutoka Japani anayejulikana kwa jina la Anyango, alipokwenda Siaya akakaa kwa mwalimu wake na kujifunza. Mjapani huyo alivuka bahari kuifuata nyatiti. Vijana wetu wanaishi kilomita chache kutoka kwa mpiga litungu, na wengi hawajawahi kumwomba awaonyeshe namna ya kukaza uzi mmoja.

Je, wajua kuwa mashindano huweza kuokoa ufundi? Ukitoka Bunda kuelekea Mwanza utafika Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yaliyoasisiwa na Padri David Clement. Kila Juni hufanyika Bulabo, ambapo Bagalu na Bagika hushindana kwa ngoma. Kila upande unataka kushinda, na kila upande unahitaji ngoma mpya, mavazi mapya na mbinu mpya. Fundi hapati nafasi ya kusahau. Mara ina ngoma nyingi na makabila mengi kuliko mikoa mingi, na ingestahili kuwa na tamasha lake la kudumu pale Butiama.

Je, wajua kuwa Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema? Katika hotuba ya tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza ngoma za Kizungu kuliko za kwao, akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Makumbusho yenye jina lake kijijini kwake Butiama yalifunguliwa tarehe 2 Julai 1999, akiwa bado hai. Alifariki tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo, akazikwa kijijini hapo. Alipenda pia kucheza bao, lile la mashimo 32 na kete 64, na kila bao limechongwa na mtu kwa tezo.

Je, wajua kuwa jirani zetu wa Ukerewe, ambao kivuko chao huondokea Kisorya wilayani Bunda, wana mtu aliyeuandika ujuzi wa nyumbani kwao usipotee? Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa baada ya miaka 35, naye akafariki mwaka 1981. Kuhusu kilimo, pombe ya ndizi, tiba na namna ya kumkaribisha mgeni, riwaya hiyo ni hazina isiyo na mfano. Simu iliyo mfukoni mwako inarekodi sauti na picha. Kitereza alikuwa na kalamu peke yake.

Je, wajua kuwa njia za kupata msaada zipo? SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mkoani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na kuanzia mwaka 2024, shule za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali. Useremala na ushonaji vimepewa nafasi. Sioni kwa nini mfinyanzi wa Butiama au fundi mashua wa Musoma asialikwe darasani na kulipwa kama mwalimu mwingine yeyote, hata kama hana cheti.

Basi, msomaji, ukienda Mara nunua chungu, mkeka au kigoda kwa bei aliyoitaja fundi, maana umemlipa siku nzima za kazi. Kisha muulize anamfundisha nani. Akikujibu kuwa hana mwanafunzi, mpelekee mwanao likizo ya Juni.