Unaweza kukuza 'mama' wa kombucha kwa keja, ila akiota ukungu usimhurumie

Kombucha ya supamaketi si bei ya mchezo, na chupa ikiisha imeisha. Lakini kama yako ni hai, yaani haijachemshwa wala kutiwa juisi ya matunda, usiimalize. Glasi moja inatosha kuanzisha kombucha yako mwenyewe.

Wazo lenyewe si geni. Shosho akipika uji mchachu, huacha kidogo wa leo uchachushe wa kesho. Kombucha ni vivyo hivyo. Bakteria na hamira hula sukari iliyo kwenye chai, kisha hutoa asidi, gesi na pombe kidogo. Bakteria pia husuka ule utando wa kuteleza unaoelea juu, ambao watu huuita 'mama'. Wengi huhangaika kuutafuta huo utando, kumbe mbegu iko kwenye yale maji machachu.

Sasa tuingie jikoni. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo cha majani ya chai, yale ya kawaida ya Kericho, si ya masala wala tangawizi. Acha dakika 10, chuja, koroga vijiko viwili vikubwa vya sukari, kisha ngoja ipoe kabisa. Chai ikiwa moto, itaua hivyo vijidudu vyote. Mimina kwenye chupa safi ya glasi yenye mdomo mpana, ongeza kombucha mililita 250, funika kwa kitambaa safi na ukaze kwa mpira. Usifunge kwa kifuniko, maana vinahitaji hewa. Kitambaa kisiwe cha matundu, la sivyo vile vinzi vya ndizi vitahamia humo.

Weka kivulini na usitingishe. Joto zuri ni nyuzi 24 hadi 29. Ukiwa Mombasa uko sawa; Nairobi ya Julai kaza roho, itachelewa. Utando ukifika unene wa nusu sentimita, pengine baada ya wiki mbili hadi nne, mama yuko tayari.

Kila siku chungulia. Nyuzi za kahawia ni hamira, zisikutishe. Utando ukizama pia si noma. Lakini ukiona doa kavu lenye manyoya juu, liwe jeupe, la kijani au jeusi, huo ni ukungu. Mwaga vyote, maji na mama. Usikwangue juu ukanywa chini, hata kama umengoja mwezi mzima. Kinga yako ni ule uchachu, ndiyo maana hufai kupunguza zile mililita 250.

Si kutishana. Mwaka 1995 katika jimbo la Iowa, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakinywa kombucha ya nyumbani waliugua vibaya na mmoja akafariki. Haikuthibitishwa kwamba kombucha ndiyo chanzo, lakini wataalamu walitahadharisha. Kama una mimba au kinga yako ya mwili ni dhaifu, hii ya nyumbani iache. Watoto pia wasipewe.

Na kama tayari unapiga hesabu ya kuuzia mtaa, tulia kwanza: chupa za kuuza zinahitaji alama ya ubora ya KEBS.

Ukianza kuvuna, sheria ni moja tu: kabla hujaonja, weka glasi moja kando ya kuanzishia nyingine.