Hali ya Hewa si Ubora wa Hewa

Katika somo la tafsiri muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu kazi ndogo: waandike tangazo la kuwaonya wakazi wa Bwizibwera na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale juu ya moshi na vumbi la mwezi wa Julai. Zaidi ya nusu yao waliandika "hali mbaya ya hewa". Tulimwomba mwenzao aliyekulia Nakivale atueleze jirani zake wangefanya nini wakisikia tangazo hilo. Akajibu bila kusita: wangeanua nguo, wakaingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha, maana mvua inakuja. Kumbe onyo la moshi lingewafungia watu ndani pamoja na moshi wenyewe!

Kosa hili si la wanafunzi peke yao. Vitabu vyetu hufundisha hali ya hewa, yaani jua, mvua, upepo na joto la siku, na siku hizi vinagusia tabianchi, ambayo ni mwenendo wa mambo hayo kwa miaka mingi. Ubora wa hewa, yaani usafi wa kile tunachovuta puani, hauna somo lake.

Hata majira tunayofundisha ni ya Pwani. Masika, vuli na kipupwe yanakwenda na pepo za Bahari ya Hindi, kusi na kaskazi. Mbarara iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Hapa majira hupimwa kwa maji. Mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Mwanafunzi hukaririshwa kwamba vuli ni mvua chache, ilhali kwao mara nyingi hizo za pili ndizo nyingi. Nyumbani ana neno lake, ekyanda, kwa majira ya ukavu. Wanyarwanda walioko Nakivale wana itumba na umuhindo kwa mvua hizo mbili, na Wasomali wana gu na deyr. Hatusemi masika yafutwe. Tunasema mwalimu ataje na miezi.

Sasa turudi kwenye moshi. Juni hadi Agosti ardhi hukauka, barabara za udongo hutimua vumbi, nyasi za malisho huchomwa, matanuri ya matofali huwashwa, na kuni na makaa yanaendelea kama kawaida. Usiku hewa baridi hutuama mabondeni na kuuzuia moshi wa jioni usipande. Upepo nao huleta moshi wa mbali, wa mioto ya nyika ya kusini mwa Kongo, Zambia na Angola. Kati ya Desemba na Februari zamu ya kuungua ni ya nyika za kaskazini, Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Mvua ikirudi huiosha hewa.

Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vifaa vya kupima chembe hizo.

Wanafunzi kadhaa waliuita utando wa asubuhi "ukungu". Ukungu ni matone ya maji, na jua likipanda huyeyuka. Utando wa Julai hubaki hadi mchana, ukiwa na rangi ya kahawia.

Baada ya mjadala mrefu darasa lilikubaliana hivi: "Moshi na vumbi vimezidi hewani. Pikia nje au mahali penye upenyo wa hewa. Usichome takataka. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu." Jina la ule utando wa kahawia ndilo lililotushinda. Wengine walitaka "utusitusi", wengine "moshi mkavu". Msomaji mwenye neno linalotumika kwao tunamwomba atuletee.