Uingereza ya Mifereji

Malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka na kupita Songea kuelekea bandari ya Mtwara tumeyazoea sana sisi wa Ruhuwiko, hata hatugeuki tena kuyatazama. Uingereza nayo iliwahi kuwa na kero ya makaa. Yalikuwa tele ardhini, lakini barabara za karne ya 18 zilikuwa tope tupu, na farasi mmoja mwenye mkokoteni alivuta tani mbili kwa taabu. Farasi huyo huyo, akifungwa kamba ya boti iliyo majini, anavuta tani 30 na zaidi huku akitembea tu kando ya maji. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa Uingereza ya mifereji, ambayo mgeni anayeshukia London na kupanda treni haioni kabisa.

Aliyeianza ni kabaila mwenye migodi, Francis Egerton, Duke wa Bridgewater. Makaa yake yalikuwa Worsley na wanunuzi walikuwa Manchester. Alimchukua fundi wa vinu, James Brindley, mtu ambaye kuandika kulimshinda lakini maji aliyajua, na mwaka 1761 mfereji ukafunguliwa. Ulivuka mto Irwell juu ya daraja, watu wakawa wanakwenda kushangaa boti ikipita juu ya boti nyingine. Bei ya makaa Manchester ilishuka kwa karibu nusu. Baada ya hapo kila mwenye mali alitaka mfereji wake. Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri aliyechoka kuona vyombo vyake vikivunjika njiani, alichimba udongo wa kwanza wa mfereji wa Trent na Mersey mwaka 1766. Uliisha mwaka 1777, Brindley akiwa keshafariki.

Ili kubana gharama na maji, Brindley alijenga njia za kupandishia boti zenye upana wa mita mbili na kidogo tu. Uamuzi huo wa mtu mmoja ndio unaotawala hadi leo. Boti ya mifereji hiyo inaweza kufika mita 22 kwa urefu, karibu mara mbili ya basi la Songea kwenda Dar es Salaam, na bado ikawa nyembamba kuliko basi hilo. Ndani kila kitu kimepangwa mstari mmoja: sebule yenye jiko la makaa, jikoni, choo, kitanda. Anayeiongoza husimama nyuma nje, mvua imnyeshee au jua limwakie, ameshika mkono wa usukani. Akiusukuma kulia, boti inakwenda kushoto, na wageni wengi hulijua hilo baada ya kugonga ukingo. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 6.4 kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa unapaswa kupunguza zaidi, maana mawimbi yako yanamwaga chai ya watu. Mzee anayetembeza mbwa atakupita.

Kazi yenyewe iko kwenye vilima. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo wahandisi walikata mteremko uwe ngazi, na kila ngazi ni chumba cha matofali au mawe chenye milango mizito kila upande. Boti inaingia chini, milango inafungwa nyuma yake. Mtu mmoja aliye nchi kavu anachukua mkono wa chuma alioubeba kutoka botini, anazungusha gia, na vizibo vilivyo chini ya maji vinafunguka. Maji ya juu yanaingia kwa kishindo, boti inapanda polepole hadi usawa wa ngazi inayofuata. Milango ya mbao hukutana kwa pembe ikielekea kule maji yaliko juu, hivyo yakijaa upande mmoja yenyewe ndiyo yanayoibana, na hakuna mwanadamu awezaye kuifungua mpaka usawa ulingane. Hakuna umeme wala injini. Fundi wa mwaka 1780 akifufuliwa leo ataendelea na kazi pale pale alipoiachia.

Pale Devizes, kwenye kilima cha Caen, ziko ngazi 29, na 16 kati yake zimepangwa mstari mmoja kilimani. Kuzipanda huchukua nusu siku, na jioni mabega yote yanauma. Adabu ya mifereji ni rahisi: kama chumba kina maji ya usawa wa mwenzako anayekuja, unamsubiri, kwa sababu kila boti ipitapo chumba chembamba takribani lita laki moja huteremka bondeni bila kurudi. Ndiyo maana juu ya vilima kuna mabwawa ya akiba, na ndiyo maana ukame wa kiangazi cha 2025 ulifunga sehemu nyingi za mifereji. Msomaji anayejiuliza kwa nini sisi hatukuchimba mifereji kama hii apime jibu hapo. Kule mvua hugawanyika mwaka mzima, kwetu humwagika kwa miezi michache ikatuacha na vumbi. David Livingstone alijaribu kupandisha meli ya Pioneer katika mto Ruvuma mwaka 1861, akarudishwa na uhaba wa maji.

Mashambani ndiko mfereji unakolipa. Ule wa Oxford, uliofika mjini humo mwaka 1790, ulifuata mikunjo ya vilima ili kukwepa gharama za kuchimba, kwa hiyo mnara wa kanisa utauona mbele yako, baadaye kushoto, baadaye tena nyuma, na kijiji ni kile kile. Kondoo wanakunywa ukingoni. Chini ya madaraja ya matofali kuna vyuma vyenye mifuo iliyochimbwa na kamba za farasi kwa miaka mingi. Mjini nako mfereji unapita uani: nguo kwenye kamba, bustani za kabeji, kuta za viwanda vilivyokufa. Kwa maoni yangu Uingereza ya mbele imepakwa rangi kwa ajili ya wageni, na ya uani ndiyo ya kweli.

Upande wa Wales, Thomas Telford aliacha Pontcysyllte, daraja la mwaka 1805 linalobeba maji ndani ya hori la chuma, mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja una njia ya miguu na reli ya kushikia. Upande wa pili hauna kitu, boti inapita na shimo liko hapo hapo. UNESCO ililiingiza daraja hilo na mfereji wake katika urithi wa dunia mwaka 2009.

Treni ndiyo iliyoharibu biashara ya mifereji. Wenye boti walipunguza nauli, wakashindwa kulipa pango, wakahamishia familia ndani ya kibanda cha mita tatu kwa mbili, ambacho walikipamba kwa picha za mawaridi na ngome. Watoto wao walikua bila shule, hata Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1877. Baridi kali ya 1962 hadi 1963, mifereji ilipoganda kwa majuma mengi, ilimaliza karibu kila kilichobaki. Serikali ilikuwa imeichukua mifereji mwaka 1948, na mingine iliachwa ikajaa tope. Waliofanya iendelee kuwapo ni raia. Mwandishi L. T. C. Rolt alichapisha kitabu cha safari yake ya boti mwaka 1944, chama cha watetezi kikaundwa mwaka 1946, na baadaye watu wakawa wanatumia mwisho wa juma kuzoa tope kwa koleo, bila malipo. Tangu 2012 sehemu kubwa, kilomita 3,200 hivi za Uingereza na Wales, iko chini ya taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, na boti zilizomo zimezidi 30,000. Wengi wanaishi humo kwa sababu pango la London limewashinda, na asiye na maegesho ya kudumu hutakiwa kuhama kila baada ya siku 14.

Ukibahatika kufika huko, nenda kati ya Aprili na Oktoba, kwa kuwa wakati wa baridi milango mingi hufungwa kwa matengenezo. Boti ya kukodi haihitaji leseni ya udereva, na mwenye boti atakuelekeza kabla hujaondoka. Kodi ni ghali kwa mtu mmoja, kwa hiyo changeni watu wanne, na wawili wawe na mabega. Koti la mvua usiliache, hata Julai.