Mvua Ikipiga Bati, Watoto Wacheze

Yeyote aliyepata kuingia katika chumba cha darasa wakati mvua kubwa inapopiga juu ya bati ajua kwamba saa ile hakuna masomo. Mwalimu aweza kupaza sauti mpaka koo limkauke, nao walio dawati la nyuma wataona midomo yake ikicheza tu. Huandika ubaoni, watoto hunakili. Na ubao ukiisha kujaa, mvua haijakoma, huwaamuru wakunje mikono na kunyamaza. Basi hukaa hivyo nusu saa, pengine saa nzima, watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, damu ikiwachemka, wakitazama maji yakichuruzika dirishani.

Katika Mkoa wa Kagera jambo hili si la siku moja moja. Huko Bukoba, kandokando ya Ziwa Viktoria, mvua ya mwaka mzima hufikia kadiri ya milimita 2,000. Kuelekea magharibi, upande wa Ngenge katika Wilaya ya Muleba, mvua hupungua. Walakini misimu ni ile ile miwili, vuli iletayo senene mwezi Novemba, na masika ya Machi hadi Mei. Tena siku ambayo mvua haikuja, jua la saa saba la Ngenge halimruhusu mtu mwenye akili kukimbia uwanjani. Kwa mvua au kwa jua, mtoto wa huko hukaa chini ya paa saa nyingi.

Twasema saa hiyo isipotee bure. Iwe saa ya michezo, humo humo chumbani, na iwe hivyo hasa kwa watoto wa madarasa ya juu, kuanzia la tano.

Kwa nini wao hasa? Wadogo hawana taabu. Mwalimu wao huwaimbisha, huwapigisha makofi, huwazungusha kwa ukuti, wala hapana mzazi anayelalamika. Lakini mtoto akishafika darasa la tano, sote twaanza kumtazama kama karani aliyechelewa kazini. Kwa wale wa darasa la mtihani hali ni mbaya zaidi: vipindi vya michezo hugeuzwa kuwa vya hesabu, na mapumziko hufupishwa. Ni kweli yako mashindano ya UMITASHUMTA, nayo ni mema, twayaunga mkono. Lakini timu ya shule huchukua wachache wenye miguu myepesi, na mamia waliobaki kazi yao ni kushangilia. Kushangilia si kucheza.

Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alituonya kwamba shule ya msingi isiwe mlango tu wa kuingilia sekondari, bali elimu iliyo kamili kwa nafsi yake. Sisi tunaopenda kulitaja andiko hilo mikutanoni yafaa tujiulize kama mtoto aliyenyimwa kucheza miaka mitatu ya mwisho amepewa elimu kamili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeutaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi na matibabu, katika yale ambayo mzazi ana wajibu kumpa mtoto. Na Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika hizo atazipata wapi, na mchana kutwa yuko dawatini?

Hapo wako watakaosema kwamba watoto wetu hutembea mwendo mrefu kwenda shule, hubeba maji na kuni, na kwamba hiyo yatosha. Kazi hizo twazijua. Lakini kubeba ndoo si mchezo, na anayeibeba mara nyingi ni msichana. Kaka yake akirudi nyumbani huikuta njia ya uwanjani iko wazi. Yeye aelekezwa jikoni. Kwa msichana wa darasa la sita, saa ile ya mvua shuleni huenda ndiyo saa pekee ya siku ambayo hapana mtu awezaye kumtuma. Kumkunjisha mikono saa hiyo ni kumnyang'anya kidogo alichokuwa nacho.

Tuseme sasa juu ya michezo yenyewe, maana mtu asidhani twaomba vifaa vya kuletwa kwa meli. Bao twalo. Chaki yatosha kuchora sakafuni mashimo 32, safu nne za manane, na punje 64 za mahindi hutosha kuwa kete. Watoto waanze na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Hapo mtoto huhesabu kabla ya kugusa, hukumbuka shimo la nyuma, hukadiria mwenziwe atajibu nini. Sijui somo la hesabu lifanyalo zaidi ya hayo. Wakiisha kuzoea, waingie katika bao lenyewe, la nyumba na namua, ambalo kila mmoja huanza akiwa na kete 22 mkononi na 10 tu ubaoni. Ati bao ni mchezo wa wavivu! Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda, akalicheza na wazee wenzake kule Butiama. Sijapata kusikia aliyemwita mvivu.

Drafti nayo ina miraba 64, na kete zake 24 ni vizibo vya soda, nusu vikiwa vimeinamishwa na nusu vimeinuliwa. Tena michezo hii haihitaji sauti. Mvua na ipige ipendavyo.

Walakini bao na drafti ni za kukaa, na mwili nao wadai haki yake. Mdako wasichana waujua: jiwe moja hurushwa juu, na kabla halijarudi mkononi mengine yameshakusanywa. Wavulana wajaribu, nao watagundua kwamba mikono yao ni mizito. Kisha madawati yasukumwe ukutani, mlango uachwe wazi, na watoto wapange safu mbili au tatu. Mpira wa majani makavu ya mgomba, ambao hauvunji kioo wala pua ya mtu, upitishwe juu ya kichwa cha wa kwanza, kati ya miguu ya wa pili, na kuendelea hivyo. Wa mwisho akiupokea akimbilie mbele, mpaka kila mmoja awe amekuwa wa kwanza. Na wapige kelele watakavyo. Hiyo ndiyo siku moja ambayo kelele za darasa hazimuudhi mwalimu wa chumba cha pili.

Twajua shida ya nafasi. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba, na viko vyumba vingi vilivyopita kiwango hicho kwa mbali. Mahali kama hapo nusu ya darasa wacheze bao juu ya madawati huku nusu wakiwa kwenye safu, kisha wabadilishane. Hili lataka mwalimu aliyejiandaa, na mwalimu mkuu asiyemwandika vibaya kwa kukuta madawati yamehama mahali pake.

Nasi tuna sehemu yetu. Nje ya ofisi nyingi za Chama liko bao chini ya mti, limesuguliwa na mikono ya wazee hata likang'aa. Shuleni jirani halipo hata moja. Wanachama walio mafundi seremala wana vipande vya mbao vinavyoishia kuwa kuni. Kipande chenye urefu wa mkono na patasi moja hutosha kutoa bao kwa siku mbili. Matawi ya Ngenge na ya kata jirani na yalichukue jambo hili katika mkutano ujao, yakubaliane mabao mangapi kwa shule ipi, na wazee wawili watatu wajitolee kwenda kuwafundisha watoto, wasichana na wavulana pamoja. Kazi iwe imekwisha kabla mvua za vuli hazijaanza kupiga bati.