Je, Wajua? NSSF na Miaka Ishirini Baada ya Kazi

Je, wajua kwamba tangu 2001 hadi Januari 2023 mchango wa juu kabisa wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) nchini Kenya ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri? Mlinzi wa lango alikatwa sawa na meneja wake. Aliyeajiriwa Eldoret Januari 2002 na kuchangia bila kukosa hadi Desemba 2022 alikuwa ameweka, yeye na mwajiri wake, shilingi 100,800 kabla ya faida. Miaka 21 ya kazi kwa pesa za ng'ombe mmoja wa gredi.

Wajua kwamba hata hizo zililipwa kwa mkupuo mmoja? NSSF iliundwa mwaka 1965 kama mfuko wa akiba, si wa pensheni. Mzee alipokea hundi yake, akarudi nyumbani, na huo ndio uliokuwa mwisho wa mambo. Pensheni ya kila mwezi ililetwa na sheria ya 2013, ambayo nayo ilikaa mahakamani hadi Mahakama ya Rufaa ilipofungua njia Februari 2023. Karibu miaka kumi ya michango midogo ilipotea hivyo, na waliostaafu katikati hapo hakuna wa kuwafidia.

Sasa kiwango ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Je, inatosha? Tuipige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hutegemea kubahatisha.

Chukua mtu wa kiwandani anayelipwa 30,000. Anakatwa 1,800, mwajiri anaweka 1,800, jumla 3,600 kwa mwezi. Tuseme mshahara wake unapanda sambamba na bei za vitu na si zaidi, na kwamba faida ya mfuko inaushinda mfumuko wa bei kwa asilimia 3 kila mwaka. Akichangia miaka 30 mfululizo, atakuwa na kama milioni 2.1 kwa thamani ya pesa za leo. Akizigawa kwa miaka 20 ya uzeeni huku zilizobaki zikiendelea kuzaa kwa kiwango hicho hicho, atapata takriban 11,600 kwa mwezi, yaani karibu asilimia 39 ya mshahara. Si haba. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, uliweka asilimia 40 baada ya miaka 30 ya michango kuwa kiwango cha chini cha pensheni ya uzeeni.

Lakini mtu huyo huyo akianza kuchangia akiwa na miaka 45, akastaafu na 60, atapata kama 4,500 kwa mwezi. Nusu ya miaka imempa chini ya nusu ya pensheni, kwa sababu pesa zilizochelewa kuingia hazikupata muda wa kuzaa. Kwa maoni yangu jibu la swali zima liko hapa. Asilimia 12 inaweza kumvusha mtu, ila kwa sharti la miaka 30 bila pengo, na ni wangapi hapa mjini Eldoret wanaoipata?

Wajua kwamba Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa Eldoret miaka ya 1970, kilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007? Kwa fundi wa mitambo aliyekuwa na umri wa miaka 40 hivi, kipindi hicho ndicho pengo lenyewe. Alihamia kibarua cha mashambani au kibanda cha jua kali, na huko hakuna mwajiri wa kuongeza hata shilingi.

Mwalimu aliye chini ya mpango wa pensheni wa watumishi wa umma, ulioanza Januari 2021, anakatwa asilimia 7.5, na serikali inaweka asilimia 15. Jumla ni 22.5, karibu mara mbili ya jirani yake wa kiwandani.

Na wenye mishahara minono? Makato ya NSSF yana ukomo. Mwaka 2026 yanahesabiwa kwa mshahara usiozidi 108,000. Anayelipwa 200,000 anachangiwa 12,960 kwa jumla, ambayo ni kama asilimia 6.5 tu ya mshahara wake. Kama kazini kwake hakuna mpango mwingine wa pensheni, uzeeni atashuka kwa kishindo kuliko karani wake. Anaweza kujiongezea mwenyewe: tangu mwishoni mwa Desemba 2024, michango ya pensheni hadi 30,000 kwa mwezi haitozwi kodi ya mapato.

Wanariadha, je? Hawana mwajiri, na miguu hustaafu mapema. Moses Tanui, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1991 na mshindi wa mbio za marathoni za Boston mwaka 1996 na 1998, alijenga hoteli mjini Eldoret. Nyumba na ploti ndiyo pensheni ya wakimbiaji wengi. Wale ambao hawakufika jukwaani hawana ploti wala pensheni, na nao ndio wengi.

Kwa asiye na mwajiri, NSSF ina Haba Haba: kuanzia shilingi 25 kwa siku, na baada ya miaka mitano unaweza kuchukua nusu ya akiba yako. Nashauri usiichukue kama unaweza kuvumilia.

Wajua kwamba posho ya wazee ya Inua Jamii, mpango wa serikali, ni 2,000 kwa mwezi, na huanzia miaka 70? Aliyestaafu akiwa na 60 ana miaka kumi ya kungoja.

Na wajua kwamba kukatwa si sawa na kuwekewa? Miongoni mwa malalamiko ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Moi walipogoma mwaka 2024 ni makato ya pensheni yaliyotolewa kwenye mishahara yao bila kufikishwa kwenye mfuko. Serikali za kaunti nazo zimelimbikiza madeni makubwa ya aina hiyo. Mchango uliocheleweshwa haukuzaa chochote siku zote hizo, na mfanyakazi huenda asijue mpaka siku ya kudai.

Kisheria mwajiri anapaswa kuwasilisha michango ya NSSF kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Taarifa yako unaipata kwa kubonyeza *303# au kwa kwenda Huduma Centre na kitambulisho. Ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, na ukikuta mwezi mtupu, dai mchango wake ungali kazini, kabla kampuni haijafungwa au kubadili jina.