Ukuta wa Buyenzi Hauponi kwa Saruji

"Fundi, niongeze mifuko mingapi ya saruji ili unyevu ukome?" Kila masika nikipita mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, swali ni hilo. Jibu langu halijabadilika: hata nusu mfuko. Na yule anayetaka kupaka oili chafu ya gereji, ukuta wake si injini.

Nyumba ninazoitiwa ni za zamani, za matofali ya kuchoma, zimeshikana kwa safu, ukuta mmoja majirani wawili. Rangi ikianza kubambuka chini, fundi hupiga plasta ya saruji hadi kiunoni. Miezi michache ukuta unapendeza, na mwenye nyumba ananitumia picha kunionyesha nilivyokosea.

Ngoja. Tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Maji yakifika usoni hukauka na kuacha chumvi, ule unga mweupe mnaoufagia. Saruji haiyazuii kupanda, inayanyima pa kutokea tu. Basi yanapita nyuma yake, na masika ijayo doa lililokuwa magotini liko kifuani. Chumvi nayo inagandia ndani na kumenya tofali. Gonga plasta yako kwa kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta, na siku ikianguka itaondoka na uso wa tofali. Na maji hayo yakikuta upande wa jirani uko wazi, yanahamia kwake, kisha mnakutana msikitini hamsalimiani.

Zanzibar wameyaona haya. Mji Mkongwe, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukizibwa kwa saruji, unaoza vilevile.

Ufanyeje? Bandua saruji. Chimba udongo wa nje ushuke chini ya sakafu. Funga mifereji ya bati. Acha ukuta ukauke kiangazi chote, Juni hadi Agosti, usiwe na haraka ya sikukuu. Halafu piga plasta ya chokaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na juu yake chokaa ya maji, si rangi ya mafuta. Kabla ya yote kagua bafu la uani, maji yake yanaelekea wapi. Mara nyingi chanzo kiko huko, na mara nyingi bafu lenyewe ni la jirani.