Floribert wa Goma: Kuisema imani bila kupiga kelele

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, kuwa Mwenyeheri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mtumishi wa serikali, mkaguzi wa bidhaa mpakani. Sherehe ilifanyika mbali na kwao, kwani Goma ilikuwa imetwaliwa na waasi wa M23 tangu Januari mwaka huo.

Floribert alizaliwa mwaka 1981. Alisomea sheria, na akiwa kijana alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambako alikuwa akiwasaidia watoto wa mitaani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Mwaka 2007 alipewa kazi katika ofisi ya serikali ya udhibiti wa bidhaa, OCC, kusimamia bidhaa zilizoharibika.

Haikuchukua muda. Uliletwa mchele mbovu kutoka ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na wenye mzigo wakataka upite. Wakampa hongo, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Mwezi Julai alitekwa, na baada ya siku chache mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa mujibu wa waliomfahamu, kabla ya kifo chake Floribert alimweleza mtawa mmoja ambaye ni daktari yaliyokuwa yakimsumbua. Fedha zile zingekwisha upesi, lakini watu ambao wangekula chakula kile ingekuwaje? Tena akajiuliza kama kweli alikuwa akiishi kwa ajili ya Kristo.

Ndugu msomaji, tulitazame swali hilo. Hakuwauliza wala rushwa kama wanamjua Mungu. Alijiuliza mwenyewe. Hapo ndipo unyenyekevu ulipo. Na jibu lake hakulificha, ingawa alijua lingeweza kumgharimu. Hapo ndipo ujasiri ulipo.

Sisi Wakatoliki tulio ughaibuni mara nyingi tunakosa kimoja kati ya hivyo viwili. Wapo wanaoficha rozari mfukoni, na wakiulizwa kazini walikuwa wapi Jumapili husema walikuwa na shughuli. Wanaogopa kuonekana watu wa zamani. Wapo pia wanaotangaza imani kwa kuwashambulia Waislamu, walokole na wasiosali, kana kwamba Kristo anahitaji walinzi wa matusi. Wa kwanza amenyamaza. Wa pili anasikika, lakini anachokitangaza ni yeye mwenyewe.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anawataka waamini wawe tayari kueleza sababu ya tumaini lao, lakini kwa upole na heshima. Maana yake kwanza usubiri kuulizwa, na ukiulizwa usikimbie. Aidha, mwenzako akikutajia kashfa za mapadri waliowadhulumu watoto, usizifunike. Kubali kwamba ni dhambi na ni uhalifu, halafu umwambie kwa nini bado unakwenda Misa. Anayekubali uchafu wa nyumba yake husikilizwa zaidi kuliko anayedai hauna.

Papa Fransisko alimtaja Floribert mbele ya vijana mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, akiwasihi wasikubali kununuliwa. Ujumbe huo si wa Wakongo peke yao. Kuna wanaotunza wazee Ulaya na kutakiwa kuandika kwamba mzee ameogeshwa kumbe hakuogeshwa. Kuna walioko bohari za Ghuba wanaoambiwa wabadilishe tarehe kwenye makasha ya chakula.

Siku hiyo hapahitajiki hotuba. Inatosha kusema: "Samahani bosi, mimi ni Mkristo, hilo siwezi." Ni maneno machache, na huenda yakakukosesha kazi. Floribert yalimkosesha maisha, lakini mchele ule haukufika mezani kwa mtu.